Mtoto Amenawiri au Uzito Umezidi?

 

Leo sitazungumza habari za mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya watoto wetu wa rika la balehe, yaani wale wa miaka 10 hadi 19, na juu ya uzito wa miili yao. Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, hayo ni mambo ya daktari. Wewe tueleze habari za pamba na muhogo." Nawaombeni mnivumilie. Chakula kinaanzia shambani na ziwani kabla ya kufika mdomoni, na mtoto akifika kwa daktari, mambo mengi yamekwisha kuharibika nyumbani. Kwa hiyo neno hili linatuhusu sisi watu wa jembe na wa nyavu.

Nitaanza na kisa kilichotokea nyumbani kwetu. Desemba iliyopita ukoo wetu ulikutana kwa mama yangu mzazi, huko Majita. Pale nyumbani ipo mizani ya zamani ya kupimia pamba. Basi watoto, kama mjuavyo watoto, wakaanza kujipima. Walikuwemo wajukuu watatu waliokaribiana umri, wote wana miaka 14. Wa kwanza ni msichana anayeishi na bibi yake hapo hapo kijijini. Wa pili ni mvulana wa kaka yangu, ambaye amejenga pembezoni mwa mji wa Musoma, upande wa Bweri. Wa tatu ni binti wa dada yangu, mfanyabiashara anayeishi Nyasho, karibu na soko.

Wa kijijini alikuwa na kilo 43. Yule wa pembezoni mwa mji kilo 56. Binti wa Nyasho alipopanda, mshale ukafika kilo 64. Watoto wakapiga makelele, "Gunia! Gunia la pamba!" Watu wazima nasi tukacheka. Dada yangu akasema kwa fahari, "Mwacheni mwanangu, amenawiri. Mnataka akonde, watu waseme kwangu hakuliwi?" Nami, bwana shamba mzima, nikaongeza, "Kweli, mjini kuna neema."

Usiku ule yule binti hakula. Nilimkuta nyuma ya nyumba, peke yake. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu, "Mjomba, shuleni tangu mwaka uanze sijakimbia hata siku moja. Kila siku ya michezo nasema tumbo linaniuma, ili wasinicheke. Sasa na nyumbani mnanicheka."

Ndugu zangu, maneno yale yalinichoma. Kila nipitapo Nyasho humnunulia mtoto yule soda na sahani ya chipsi, nikidhani ndiyo mapenzi ya mjomba. Nilikuwa mmoja wa waliompandisha kwenye mizani ile. Tangu siku hiyo nimeuliza kwa wataalamu wa lishe na kusoma waliyoandika, na leo ninawaletea niliyojifunza.

Kwanza tujiulize: watoto watatu, bibi mmoja, damu moja, umri mmoja. Mbona uzito wao umetofautiana hivyo? Hebu tuifuate siku ya kila mmoja.

Yule wa kijijini huamka alfajiri, akateka maji, kisha akaenda shule kwa miguu, mwendo wa karibu saa nzima. Jioni anarudi kwa miguu, anatafuta kuni, na msimu wa palizi anashika jembe. Chakula chake ni ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, dagaa au furu, mlenda au mgagani. Mafuta ni kidogo, soda anaiona siku ya harusi.

Yule wa pembezoni mwa mji zamani naye alikuwa hivyo. Kaka yangu alipohamia pale alikuwa na eka mbili za muhogo na mahindi. Baadaye mji ukamfuata. Akauza kiwanja kimoja, kisha cha pili, na leo shamba limebaki mlangoni tu. Uwanja ambao watoto walikuwa wakichezea mpira umezungushiwa ukuta. Shule iko mbali kidogo, na hivyo mtoto hupelekwa kwa bodaboda. Nyumbani ipo televisheni. Asubuhi, badala ya uji wa ulezi ambao ulezi wake ulitoka shambani, hununuliwa maandazi, kwa sababu ulezi nao sasa ni wa kununua na kuni pia ni za kununua.

Binti wa Nyasho shule iko jirani, dakika kumi amefika. Maji yako bombani. Mama yake anashinda sokoni, naye hupewa pesa mkononi ale huko huko. Asubuhi chapati au vitumbua na chai yenye sukari nyingi. Mapumziko, andazi na soda au maji ya rangi yenye sukari. Jioni mama amechoka, basi chipsi mayai zinakuja katika mfuko. Kutoka nje kucheza hawezi, mama yake anaogopa, na wala simlaumu, maana barabara ina pikipiki nyingi na giza likiingia mtoto wa kike hayuko salama kila mahali. Basi anabaki ndani na simu mpaka saa sita za usiku.

Mnaona? Hakuna mtoto mlafi hapo, wala mvivu wa kuzaliwa. Kila mmoja ameishi kama mahali pake panavyomwelekeza. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka mlishike: uzito wa kijana hautokani na tabia yake peke yake. Unatokana na kilichopo sokoni, njia ya kwenda shule, kazi za nyumbani, mahali pa kuchezea, usingizi, na mawazo yetu sisi wazazi. Na ipo pia sehemu ya damu, maana wako watu ambao miili yao hunenepa kwa wepesi kuliko ya wengine.

Msidhani kwamba haya ni ya nyumbani kwetu tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 1990 asilimia 8 ya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 duniani walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 20, zaidi ya milioni 390. Katika nchi yetu, uchunguzi wa afya wa kitaifa uliwakuta wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi wakiwa asilimia 18 mwaka 2004/05, asilimia 22 mwaka 2010, na asilimia 28 mwaka 2015/16. Wa mjini walikuwa karibu mara mbili ya wa vijijini. Na tafiti zilizofanywa katika shule za msingi za Dar es Salaam zimeonyesha kwamba uzito uliozidi unaonekana zaidi katika shule za binafsi kuliko za serikali. Maana yake ni kwamba unafuata pesa, gari la kupeleka mtoto, na chakula cha kununua.

Sasa tusikosee. Msikilizaji wa kijijini asije akasema, "Kumbe njaa ni afya." Hapana! Yule mtoto wa Majita naye ana shida yake. Anakula aina chache za chakula, msimu wa njaa anakula mara moja kwa siku, na wasichana wengi wa umri wake wana upungufu wa damu. Nchi yetu bado ina watoto wengi waliodumaa. Na jambo la kushangaza ni kwamba hata mtoto mwenye uzito mkubwa anaweza kuwa na upungufu wa damu na wa vitamini, kwa sababu andazi na soda hujaza nguvu mwilini lakini hazina madini ya kutosha. Basi katika mkoa mmoja, hata katika nyumba moja, unaweza kukuta njaa na unene vimekaa meza moja.

Je, utajuaje kwamba uzito wa mtoto umezidi? Jicho hudanganya. Wataalamu huchukua uzito kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wa mtu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tufanye hesabu ya yule binti wa Nyasho. Urefu wake ni mita 1.6. Mita 1.6 mara 1.6 ni 2.56. Kilo 64 ukigawanya kwa 2.56 unapata 25. Kwa mtu mzima, 25 ndiyo mpaka wa kuanza kuzidi. Kwa kijana mpaka hubadilika kwa umri na jinsia, ndiyo maana huko zahanati huangalia jedwali. Kwa msichana wa miaka 14 uzito huhesabiwa kuwa umezidi hesabu ikipita kama 23, na unene uliokithiri huanza ikipita kama 27. Kwa hiyo mpwa wangu amepita mpaka wa kwanza, hajafika wa pili. Na mwenzake wa kijijini ni mfupi kidogo, lakini hesabu yake iko sawa.

Kumbukeni pia kwamba msichana akivunja ungo mwili wake hujaa nyonga na mapaja. Hayo ni maumbile, wala si ugonjwa. Usimtishe mtoto kwa jambo ambalo Mungu amelipanga. Mpeleke apimwe, usikie neno la mtaalamu.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu kijana mwenye uzito uliozidi mara nyingi huwa mtu mzima mwenye uzito uliozidi, na hapo ndipo shinikizo la damu na kisukari hupata mlango. Magoti huuma. Wengine hukoroma na kukosa usingizi mzuri. Na mapema kuliko yote hayo, moyo wa mtoto huumia kwa kuchekwa, akajitenga na michezo, akazidi kunenepa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wazee. Lakini kumkunja si kumvunja.

Sasa tuangalie visababishi kimoja kimoja.

Cha kwanza ni mafuta na sukari. Gramu moja ya mafuta ina nguvu ya kalori 9, gramu moja ya wanga au sukari ina kalori 4. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta kina karibu kalori 120. Kiazi mviringo ukikichemsha ni chakula kizuri tu. Kiazi hicho hicho ukikikatakata na kukitumbukiza katika mafuta, nguvu yake kwa uzito ule ule hupanda zaidi ya mara mbili. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 7 hadi 9 vya chai. Ungeweza kumpa mtoto kikombe cha chai ukamtilia vijiko vinane? Ungeona haya. Lakini soda tunampa, kwa kuwa hatuioni ile sukari. Na ili mwili uitumie nguvu ya soda ile moja, kijana inabidi atembee kwa haraka nusu saa au zaidi.

Cha pili ni kazi ya mwili. Shirika la Afya Duniani linashauri kijana atumie mwili wake kwa nguvu kiasi au zaidi walau dakika 60 kila siku. Yule wa Majita anamaliza dakika hizo kabla hata ya kuingia darasani. Yule wa bodaboda hamalizi hata kumi. Siwaambii turudi kuteka maji mbali, maana bomba ni maendeleo na tumelililia miaka mingi. Ninachosema ni hiki: maendeleo yakiondoa kazi moja ya mwili, inafaa tumpe mtoto nyingine iliyo njema, kama mpira, rede, kamba, kuogelea mahali salama, au bustani.

Cha tatu ni usingizi. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Anayekesha na simu huamka amechoka, hana hamu ya kucheza, na hutamani vitu vitamu.

Cha nne ni fikra zetu. Kwetu Mara, kama kwingineko, mwili mkubwa umekuwa cheti cha neema. Na tangu miaka ya 1980, ukimwi ulipoingia, watu waliogopa kukonda, wasije wakanyooshewa kidole. Hivyo mzazi akimwona mwanawe anajaa, moyo wake unatulia. Simcheki dada yangu. Yeye alikua katika njaa, na chipsi zile mikononi mwa mwanawe kwake ni ushahidi kwamba njaa imeshindwa. Ila inabidi tutenganishe kunawiri na kuzidi.

Cha tano kinatugusa sisi wa kilimo, na hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Nimepita vijijini miaka mingi nikisema, "Limeni muuze." Sikusema, "Limeni mle, kinachobaki muuze." Nyumba moja niliyoishauri iliuza kunde zote, karanga zote na mayai yote, kisha ikanunua unga wa ngano, sukari na mafuta. Daftari la mapato lilipendeza, nami nikajisifu kwa wakubwa wangu. Sungura alikuwa wapi? Alikuwa jikoni, maana kilichoondoka kilikuwa chakula cha kujenga mwili na kilichorudi kilikuwa cha kutia nguvu tu. Hali ni hiyo hiyo ziwani. Samaki mzuri anapanda gari kwenda mbali, mvuvi anarudi nyumbani na pesa ya andazi.

Mama yangu hunisimulia kwamba ujana wake walikuwa wakikusanyika chini ya mti kusikiliza redio. Mwaka 1973 ilikuwa kampeni ya "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 ikaja "Chakula ni Uhai". Mwaka ule ule wa 1973 ndipo ilipoundwa taasisi yetu ya taifa ya chakula na lishe. Watu walisikiliza kwa makundi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kupanda mboga. Wakati ule adui alikuwa mmoja, upungufu. Leo maadui ni wawili, upungufu na kuzidi, lakini dawa nyingi zinatoka katika shamba lile lile. Nanyi mnaosikiliza leo, msisikilize peke yenu. Ongeeni na jirani.

Sasa tufanye nini? Nitaanza na wewe wa kijijini. Usipunguze chakula cha kijana anayefanya kazi, kiongezee aina. Wataalamu wetu wa lishe wanatufundisha makundi sita: nafaka, mizizi na ndizi, jamii ya kunde na karanga, vyakula vya wanyama na samaki, mboga, matunda, na mafuta yenye afya, kwa kiasi. Kabla hujauza, tenga. Tenga debe la kunde, tenga karanga, tenga dagaa waliokaushwa vizuri juu ya kichanja, siyo mchangani. Kuku wakitaga, mayai mawili matatu ya juma yawe ya watoto. Panda viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kama Kabode na Mataya, ambavyo vina vitamini A. Msisahau mtama na ulezi, vinastahimili ukame wetu kuliko mahindi.

Wewe wa pembezoni mwa mji, ambaye shamba limebaki mlangoni, usikate tamaa. Chukua gunia la kawaida. Changanya ndebe tatu za udongo mzuri na debe moja la samadi iliyooza. Weka kopo lisilo na matako katikati ya gunia, lijaze kokoto, zungushia udongo, kisha uvute kopo juu na kujaza tena, mpaka gunia lijae na katikati pawe na mhimili wa kokoto wa kupitishia maji. Toboa mashimo pembeni, kila moja mbali na jingine kama shibiri moja, upande miche ya sukuma wiki au figiri, na juu umwage mbegu za mchicha. Mchicha utaanza kuvuna baada ya majuma matatu hadi manne. Maji uliyooshea mboga yanatosha kumwagilia gunia moja. Na kama una nafasi ya mti mmoja tu, panda mpapai. Ukitunzwa vizuri, ndani ya mwaka mmoja unaweza kula tunda lako. Kazi hiyo mpe kijana, wa kiume na wa kike sawasawa. Atapata mboga na atautumia mwili wake.

Wewe wa mjini, wa Nyasho, Mwisenge, Kitaji na kwingineko, sikwambii uondoe chipsi duniani. Nakwambia uzitoe katika chakula cha kila siku, ziwe za siku moja moja. Soko la Nyasho ni tajiri. Pale pale penye andazi pana ndizi, papai, viazi vitamu vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga, maziwa ya mgando. Mtoto umpe chakula cha kubeba, siyo pesa tupu. Maji ya kunywa yaliyochemshwa yawe ndani ya chupa yake. Ugali wa jioni uwe na mboga nusu ya sahani, na samaki apikwe kwa kuchemshwa au kuchomwa mara nyingi kuliko kukaangwa. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimwagwe kutoka kwenye dumu. Kama shule iko mwendo salama, kijana aende kwa miguu pamoja na wenzake. Simu zilale sebuleni.

Na ninyi mama zangu na dada zangu mnaokaanga maandazi na vitumbua, sitaki muone kwamba nawaharibia riziki. Wapo wateja wa muhogo wa kuchemsha, wa uji wa ulezi wenye karanga, wa matunda yaliyokatwa na kufunikwa. Jaribuni kuviweka kando ya andazi, muone.

Kwa walimu na kamati za shule nina ombi. Mji wetu una historia. Mwezi Novemba 1974, hapa hapa Musoma, lilitolewa Azimio la Musoma, ambalo pamoja na kuhimiza elimu ya msingi kwa kila mtoto lilikazia kwamba masomo yaambatane na kazi. Shamba la shule ni darasa, ni jiko, na ni uwanja wa mazoezi. Ila kazi ya shamba isiwe adhabu. Mtoto akiadhibiwa kwa jembe atalichukia jembe maisha yake yote. Na katika michezo, msichague wenye mbio tu. Mtoto mzito ndiye anayehitaji uwanja kuliko wote, naye ndiye wa kwanza kuachwa. Mgawieni nafasi, na anayemcheka akanywe.

Mwisho, ulimi wetu. Usimwite mtoto gunia, tipwatipwa wala bonge. Usimnyime chakula, usimweke katika njaa, na usimnunulie vile vidonge na chai za kupunguza mwili zinazotembezwa mitaani. Kijana bado anakua. Mara nyingi wataalamu hawatafuti apungue kilo, wanatafuta asiendelee kuongezeka ovyo, ili urefu uufikie uzito. Badili chakula cha nyumba nzima, baba na mama mkiwemo, siyo sahani yake peke yake. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa sana, anachoka bila sababu, au ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na nene, usingoje. Nenda naye kituo cha afya.

Labda mnataka kujua habari za yule binti. Nilimwomba radhi, mimi na mama yake. Haikuwa rahisi kwa dada yangu. Kwanza alinikasirikia, akasema, "Kaka, wewe hukumlea, ukajua nimempataje." Nilinyamaza. Baadaye mwenyewe aliniita nimsaidie kufunga magunia matatu ya mboga ukutani. Sasa binti ndiye mwenye magunia hayo, na mchicha unaozidi anauza kwa majirani. Asubuhi anabeba ndizi na karanga. Jioni, mara tatu kwa juma, yeye na mama yake wanatembea mpaka ufukweni na kurudi kabla ya giza. Sijampima tena, wala mizani ya pamba hatapanda tena. Lakini mwezi uliopita alinipigia simu akasema, "Mjomba, leo nimekimbia kupokezana vijiti. Tumekuwa wa mwisho." Nikamwuliza, "Walikucheka?" Akajibu, "Wawili. Lakini nilimaliza."

Ndugu msikilizaji, usiku wa leo watoto wako watakapokaa kula, tazama sahani, kisha uwaulize wamecheza nini. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hadi juma lijalo, tutakapozungumza juu ya kukausha dagaa na mboga bila kupoteza ubora wake, nawatakieni kazi njema.